Pampu ya Tangi la Samaki Ikinguruma Usiku, Usiizime

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia kwamba kila usiku huizima pampu ya hewa ya tangi lake ili mtoto wake mchanga apate usingizi, na kwamba asubuhi huwakuta samaki wamepanda juu ya maji wakitweta. Ninamsihi asiizime tena. Kwa joto letu la Mombasa, maji ya tangi hukaribia nyuzi 30, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyopungukiwa na oksijeni. Isitoshe, gizani mimea ya tangini haitoi oksijeni, bali huigombea pamoja na samaki.

Kero ya mvumo naijua kwa machungu yake. Nilikuwa nimepanga ghorofa ya juu katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, ambayo sakafu yake imebebwa na boriti za mikoko, na jirani wa chini akanishtaki kwa mwenye nyumba kwamba naendesha mashine usiku kucha. Nikapewa hiari ya kuliondoa tangi au kuhama. Hakuna aliyepiga hodi kwangu kwanza, na hilo linaniuma hadi leo. Muuza samaki niliyemwendea naye hakuwa na ushauri wowote ila kuninadia pampu ya bei ghali.

Sikuinunua. Niliinyanyua pampu yangu kutoka juu ya kabati, na papo hapo ule mngurumo ukakatika. Kiganjani ilibaki ikitetemeka kwa sauti ndogo tu. Nilipoirudisha juu ya mbao, kabati zima likavuma kama ngoma.

Ndani ya pampu hizi mna sumaku ya umeme inayotikisa kiwambo cha mpira kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50, hivyo kutetemeka ndiyo kazi yake. Kelele kubwa hutoka kwenye kitu inachokigusa, iwe kabati, ukuta au sakafu. Nilikata soli za ndara kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini ya pande la sponji ya godoro, kisha nikaikalisha pampu juu yake, mbali na ukuta, nikiangalia kwamba tundu la kuvutia hewa lililo chini yake halizibwi. Mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye pampu hadi tangini, uliokuwa mgumu, niliubadilisha kwa ule laini wa silikoni, nikauacha ulegee kidogo ili usipeleke mtetemo kwenye kioo. Jirani hakulalamika tena, na tangi langu halikuhama hata shubiri moja.

Kama pampu yako imekaa chini ya usawa wa maji, tia valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwani umeme ukikatika maji yanaweza kushuka kupitia mpira hadi ndani ya pampu.

Sponji isipotosha, lichunguze jiwe la hewa, yaani kile kijiwe chenye vitundu kilicho mwishoni mwa mpira ndani ya maji, kinachotoa mapovu. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na chumvi yake huganda kwenye jiwe ikawa ukoko mweupe unaoziba vitundu, pampu ikalazimika kusukuma kwa nguvu na kupiga kelele. Lichomoe jiwe kwa muda mfupi. Mvumo ukipungua, umempata mkosaji. Liloweke kwenye siki, ulisuuze vizuri, na likiwa bado limeziba ununue jingine, kwani bei yake ni ndogo kuliko ya pampu.

Jambo moja nalikataza kabisa, nalo ni kuifunika pampu kwa matambara au kuifungia ndani ya kijisanduku kisicho na upenyo. Humo pampu hupata joto kupita kiasi, kiwambo kikachakaa mapema, na samaki wakakosa hewa nawe umelala. Ndugu zangu, samaki hakujileta nyumbani kwako. Ulimleta wewe, na pumzi yake iko juu yako. Jirani naye ana haki ya kulala. Haki zote mbili zinatimizwa kwa sponji na ndara zilizotupwa uani, basi usikubali kuambiwa uchague mojawapo.