Mtambo wa bia kugota nyuzi 96 hapa Mwanza

Ndugu, usirudishe dukani huo mtambo wa umeme wa kupikia bia nyumbani, mzima kabisa. Umesema kioo cha kuonyesha joto kinagota nyuzi 96 na hakipandi hata usubiri vipi. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye 96 hivi. Mia ni ya Dar es Salaam. Wewe weka 100 kwenye kidhibiti ili hita isizime, kisha angalia sufuria: yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika zako hapo. Kwa kuwa joto ni pungufu, hopsi (maua ya kuipa bia uchungu) hutoa uchungu taratibu zaidi, kwa hiyo ongeza kidogo hopsi za mwanzo wa mchemko au refusha mchemko.

Pa kuangalia zaidi ni hatua ya kuloweka kimea. Kipimajoto kipo chini karibu na hita, kwa hiyo kioo kinaweza kuandika 67 huku katikati ya nafaka ni baridi zaidi. Chomeka kipimajoto cha mkono katikati, koroga, halafu fungulia pampu ya kuzungusha maji polepole. Ukiifungulia yote, kimea hugandamana na maji hayapiti. Na tafadhali usisage kimea kikawa unga kama wa sembe! Unga unashuka chini, unaungulia kwenye hita, na harufu ya kuungua haitoki tena kwenye bia.

Ekstensheni nyembamba usitumie, hita ya wati 2,000 inakula karibu ampea 9.