Jina lako Panday: barua kwa mwanangu

Majengo, Mombasa

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ule ujumbe wa sauti wa dakika nne nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mamako, ambaye alicheka mpaka akashika mbavu. Unasema uliwaambia Wafilipino wa hapo kazini Doha kuwa nyumbani kwenu unaitwa Panday, mmoja akaruka kitini, akainua mkono juu kama mtu aliyeshika kisu, na wenzake wakapiga kelele chumba kizima. Wakakuuliza nani alikupa jina hilo, ukababaika. Sasa wataka kujua nililitoa wapi, na kama huyo mcheza filamu wa kwao wanayemtaja, FPJ, ndiye aliyenifanya nisile chakula siku ile ulipokuwa darasa la saba.

Ndiye. Siku ile sikukueleza kwa sababu niliona haya. Utamwambiaje mtoto wa miaka 13 kwamba babake anamlilia mcheza filamu?

Mwaka 1988 nilikuwa Maskati, mtaa wa Ruwi, kwenye karakana ya kuchomelea mageti na matangi ya maji. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinane. Mimi, Mpemba mmoja, Wahindi wanne na Wafilipino wawili. Mkubwa wa hao wawili mwenzake alimwita Kuya, na siku za kwanza kila akiitwa yeye, mimi ndiye niliyeinuka, nikidhani naambiwa nije. Kumbe kwao kuya ni kaka mkubwa. Basi nami nikamwita Kuya, na mpaka leo sina jina jingine la kumwitia. Tulikuwa tukikaa usiku tukilinganisha maneno. Meza kwao ni mesa, asante ni salamat, hakimu ni hukom. Na wala, mwanangu, kwao ni wala: hakuna, hapana kitu. Hilo liweke, nitalirudia.

Kuya alikuwa na deki ya video aliyoinunua kwa mshahara wa miezi miwili, na kila mtu wa kwao aliyerudi likizo alikuja na kanda. Alhamisi usiku tulifunga mlango, tukakaa sakafuni, Kuya akatutafsiria kwa Kiarabu chake cha sokoni. Kanda ya kwanza niliyoiona ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hata nyuso zilikuwa za kijani, na juu ya kioo mstari mweupe ulipanda na kushuka. Ndani yake alikuwamo mtu mwenye sharafa ndefu, mzito wa maneno, amesimama mbele ya fuawe anafua chuma.

Wewe umelijua fuawe la babu yako tangu ulipokuwa ukilikalia kunyolewa nywele. Mimi nimekulia kwenye mivukuto yake. Nilikuwa nimewaona akina Bruce Lee na Amitabh Bachchan kwenye sinema za mjini, nikawapenda kama kila kijana wa Mombasa, lakini sikuwa nimewahi kuona shujaa wa filamu mwenye kazi ya nyumbani kwetu. Huyu jina lake Flavio, mhunzi wa kijijini. Kimondo kinaanguka, anakitwaa, anakifua kisu kidogo. Kisu hicho akikiinua kuelekea mbinguni kinarefuka, kinakuwa upanga, naye anakwenda nao kumkabili dhalimu mmoja aitwaye Lizardo. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye vitabu vya katuni vya Carlo J. Caparas, na filamu ilitoka 1980, ikafuatwa na tatu nyingine mpaka 1984. Nikamuuliza Kuya, filamu hii yaitwaje? Akasema, “Ang Panday.” Mhunzi. Panday ni mhunzi, basi.

Ulipozaliwa 1991 nilikuwa bado huko. Nilikuona ukiwa na miezi minane, na siku ya pili tu ulitambaa uani ukaikamata nyundo ya babu yako kwa mikono miwili, usiibandue. Nikasema, huyu Panday huyu. Jina lako la akika lipo kwenye cheti na ni zuri, lakini watoto wa mtaani hawakulitaka. Walikuwa wakikuimbia “Panda, Panda, shuka!” nawe ukija kulia kwangu. Nisamehe kwa hilo.

Sasa huyo mwenyewe, FPJ, aliyemcheza Flavio. Hapa ndipo ninapotaka usikilize, maana jina lako la kuazima limetoka kwa mtu ambaye naye aliazima la kwake.

Alizaliwa Manila tarehe 20 Agosti 1939, akaitwa Ronald Allan Kelley Poe. Babake, Fernando Poe, alikuwa mwigizaji maarufu wa zamani zao; mamake Elizabeth Kelley alikuwa na asili ya Kimarekani. Mwaka 1951 babake akafa kwa kichaa cha mbwa, hajatimiza hata miaka 35. Nyumba ina watoto sita, Ronald ni wa pili. Akaacha shule ya sekondari, akaingia kwenye kampuni za filamu kama tarishi, kisha mtu wa kuanguka na kurushwa badala ya waigizaji wakubwa. Walipompa nafasi ya mhusika mkuu mwaka 1955 filamu haikwenda popote. Lakini ili watu waje, alipewa jina la marehemu: Fernando Poe Jr. Na hilo Fernando halikuwa lake, lilikuwa la mdogo wake, ambaye baadaye naye aliigiza kwa jina la Andy. Fikiria nyumbani kwao. Mmoja anavaa jina la mwenzake kama anavyovaa shati la kwendea kazini, ili wote wale.

Hata hilo Poe lilianza kama Pou, jina la babu yake Lorenzo. Na alipoanza kuongoza filamu mwenyewe hakuandika jina lake. Aliandika Ronwaldo Reyes, Reyes likiwa la bibi yake mzaa baba. Wewe ungemtafuta mtu huyo kwenye orodha ya mwisho wa filamu usingempata.

Tangu mwaka 1957, alipocheza kijana wa genge kwenye Lo' Waist Gang, hakushuka tena. Mwaka 1961 alianzisha kampuni yake, FPJ Productions. Tuzo ya FAMAS, ile ya filamu za kwao, ya mwigizaji bora aliipata mara tano. Wakamwita Da King, yaani Mfalme. Matajiri wa Manila walikuwa na neno la dharau kwa watazamaji wa filamu kama zake, waliwaita watu wa bakya. Bakya ni mitalawanda, mwanangu, vile viatu vya mbao vya kuingilia msalani. Huko vilivaliwa na maskini. Kuya alikuwa akisema mwenyewe kwa kujigamba, “Mimi bakya.”

Filamu zake, nikwambie ukweli, ukiona tano umeona zote. Mtu mpole anaonewa, anavumilia. Anatemewa mate, anavumilia. Anapigwa, ndugu yake anauawa, na chumba chote cha Ruwi kimesimama, Mpemba anatukana kwa Kipemba. Halafu dakika ya mwisho mikono inafunguka. Hakuwa na mateke ya hewani kama Wachina. Alipiga ngumi za haraka haraka tumboni, kama mtu anayetwanga, mpaka adui anapinda mwenyewe. Tulikuwa tunajua kabisa itakavyokwisha na bado tunapiga makofi.

Kuna moja ya 1987 ambayo kanda yake Kuya hakuwa akimwazima mtu. Yaitwa Kapag Puno Na ang Salop. Salop ni kipimo cha nafaka, kama pishi yetu, na maneno hayo ni nusu ya methali yao: pishi ikijaa, sharti isawazishwe. Unajua muuza mchele anavyopitisha kijiti juu ya kipimo kuondoa kilichozidi? Ndicho hicho. Adui ndani yake ni hakimu fisadi, kaigiza Eddie Garcia, na hapo sikuhitaji tafsiri, kila waliposema hukom nilielewa.

Msimamizi wetu wa karakana alikuwa amenikata mishahara miwili kwa jenereta iliyoungua zamu isiyokuwa yangu. Nilinyamaza. Mamako alikuwa akiniandikia kuwa kodi ya nyumba imekaa, nami najibu subiri. Mwezi wa tatu akataka kukata tena. Kuya akaniangalia, akafanya kwa kiganja hivi, shwaa, kama anasawazisha mchele. Nikaingia ofisini mbele ya mteja na mbele ya mwenye mali, nikayasema yote kwa sauti ya kawaida, bila tusi. Sikumpiga mtu ngumi tumboni. Nilirudishiwa nusu. Nusu nyingine iko huko mpaka leo.

Sasa ya 2004. Rafiki yake mkubwa, Joseph Estrada, mwigizaji pia, alikuwa amechaguliwa rais 1998 na kuondolewa Januari 2001, na aliyekalia kiti ni makamu wake Gloria Macapagal Arroyo. Uchaguzi wa 2004 ulipokaribia, wapinzani wakamwendea FPJ. Hakuwa amewahi kushika cheo chochote. Akakubali. Wenye kusoma wakamcheka kuwa hakumaliza hata sekondari, wengine wakaenda mahakamani kusema si raia wa kuzaliwa: mama ana asili ya Kimarekani, na wazazi wameoana 1940, mwaka mmoja baada ya yeye kuzaliwa. Mtu aliyecheza Ufilipino nzima, mkulima, polisi, mwalimu mwasi, mhunzi, anatakiwa athibitishe ni Mfilipino! Kesi ikabidi ichimbwe mpaka kwa babu Lorenzo Pou, aliyefariki 1954 huko Pangasinan akiwa na miaka 84, na Mahakama ya Juu ikayatupa madai hayo tarehe 3 Machi 2004.

Uchaguzi ulikuwa Mei. Kura 12,905,808 kwa Arroyo, 11,782,232 kwa FPJ. Akalalamika, akapeleka shauri. Kama angekuwa rais mzuri? Nina shaka, na Kuya mwenyewe, tulipokuja kuongea kwa simu, hakuniapia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na urais ni maneno. Lakini mwezi wa Juni 2005 zilivuja kanda za mazungumzo ya simu, na Arroyo akasimama kwenye televisheni kuomba radhi kwa kuongea na ofisa wa tume ya uchaguzi kura zikiwa zinahesabiwa, huku akikana kuiba. Wakati huo FPJ alikuwa kaburini miezi sita.

Tarehe 11 Desemba 2004 alikuwa na watu wake kwenye sherehe ya Krismasi, akasema anahisi kizunguzungu. Kiharusi. Tarehe 14 akafariki, miaka 65. Ile simu yangu ya Nokia iliyofungwa mpira ilikuwa juu ya fuawe uani, mimi nanawa mikono nije kula, ujumbe ukaingia kutoka Maskati: “Wala na si FPJ,” yaani FPJ hayupo tena. Maneno manne. Nilisoma wala, nikasoma na, nikaelewa kabla sijafika mwisho. Wewe ulikuwa mkekani unanisubiri, wali wa nazi na samaki wa kupaka, nakumbuka, na mamako akauliza nani kafa. Nikasema, rafiki yake Kuya.

Watu walijaa barabarani Manila kumzika. Arroyo alimtangaza Msanii wa Taifa 2006, familia ikakataa kuipokea kutoka mkono ule, na mimi nikawaunga mkono kutoka Majengo. Waliipokea 2012, kutoka kwa rais mwingine, Benigno Aquino wa Tatu. Vijana wa hapo kwenu huenda wanamjua zaidi kwa ule mfululizo wa televisheni uliotokana na filamu yake ya 1996, Ang Probinsyano, ambao Coco Martin aliucheza kuanzia 2015 mpaka 2022. Miaka saba, Panday! Mamako hawezi kumaliza hata tamthilia ya Kituruki.

Nikupe jingine la majina kisha nikuache. Yeye na mkewe, mwigizaji Susan Roces, walilea binti aliyeokotwa mchanga kanisani Jaro, kule Iloilo, mwaka 1968. Grace Poe. Alikuja kuwa seneta 2013, akagombea urais 2016, na wakamfanyia yale yale ya babake: wakasema mtoto wa kuokotwa hawezi kuitwa raia wa kuzaliwa. Naye alishinda mahakamani. Urais naye hakuupata.

Basi waambie wenzako babako alikuwa Ruwi, alikaa chumba kimoja na bakya mmoja wa kweli, na babako mwenyewe ni mtoto wa panday. Wataelewa. Kijana wa jirani anakuja Doha mwezi ujao, nimempa bahasha ikuletee kanda ile ya kwanza, Kuya aliniachia siku naondoka. Deki ya kuichezea sina tena, na najua huko pia haipo. Waonyeshe tu ubavuni, palipoandikwa kwa kalamu ya wino HUWAG BURAHIN, yaani usifute. Wakimaliza kuipiga picha, irudishe.

Babako