Nianze na kamera au nondo?

Mkuu, umeuliza uanze na kamera au nondo za madirisha kwenye hiyo nyumba ya Goba, Dar es Salaam, unayohamia. Nondo. Kamera itakuonyesha mtu kavaa kofia anaondoka na televisheni yako, basi.

Ila zikague kwanza. Mafundi wengine wanafunga grili kwa skrubu upande wa nje wa fremu ya mbao, mwizi anakuja na bisibisi tu. Hakikisha zimechomewa, miguu imeingia ukutani na kuzibwa kwa zege. Mlango wa jikoni ndio wezi wanaoupenda; kitasa peke yake hakitoshi, weka komeo la ndani juu na chini. Taa ya nje ikae juu, mtu asiifikie kulegeza balbu.

Kabla hata ya fundi, kajitambulishe kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Uliza kama ulinzi shirikishi, yaani doria ya wakazi wenyewe, upo hai au wanakusanya michango tu (ipo mitaa ya hivyo). Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini jirani mwenye filimbi anafika kwanza.

Ukisafiri, picha za safari zitupie ukisharudi.