Ziwa halijarudi nyuma, na bado naomba

Ndugu uliyeuliza, umesema duka limefungwa, mkopo wa chama haujaisha, na kila unayemweleza anakwambia "amini mpango wa Mungu" mpaka maneno yenyewe yanakukera. Yamenikera hata mimi, na kanisani nimekulia. Ngoja nikueleze ya kwangu.

Mimi na mzee wangu tulijenga Mwariki, hapa Nakuru. Vyumba vitatu vya mawe, mwaka huu msingi, mwaka ujao linta. Aliyetuuzia ploti hakutudanganya. Miaka ya tisini Ziwa Nakuru lilikauka mpaka upepo ukawa unapeperusha vumbi la magadi; nani angewaza kwamba litakuja kubisha mlangoni? Lakini ziwa hili halina pa kumwagia. Mto Njoro, Makalia, Nderit, yote inaingia, hakuna unaotoka. Mvua zilipozidi lilitanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60 kufikia 2020. Hata lango kuu la mbuga ya wanyama inayolizunguka ziwa lilimezwa.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalianza chooni. Shimo lilijaa kutoka chini, kisha sakafu ya jikoni ikaanza kutoa jasho, kisha asubuhi moja nikakuta kandambili zinaelea. Tulikesha kanisani, tukafunga siku tatu, tukakemea ziwa (ndiyo, tulisimama ukingoni tukakemea ziwa). Likazidi kupanda. Tukang'oa mabati tukahamia chumba cha kupanga mtaa wa Rhonda. Desemba 2021 Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, watu wakisherehekea, mimi nilikuwa nambembeleza mwenye nyumba aningoje hadi tarehe kumi.

Kilichonichosha kuliko maji ni wafariji. "Mungu amechukua ndogo akupe kubwa." Kubwa iko wapi, hakuna aliyenionyesha. Na Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, nilitumiwa kwenye simu hata nikapoteza hesabu. Siku moja, kwa hasira, nikafungua Biblia nisome sura nzima. Kumbe ni barua kwa watu waliopelekwa mateka Babeli! Mstari wa 10, ambao watu huuruka, unataja miaka 70. Sabini! Mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atazikwa ugenini. Na mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, huko huko kwa adui. Aliyekuwa akiwaahidi kwamba mambo yatageuka ndani ya miaka miwili ni Hanania, sura ya 28, na huyo ndiye aliyeambiwa anawatumainisha watu uongo.

Nikajiona. Imani yangu yote ilikuwa ya Hanania: nilimpa Mungu tarehe, ikipita nanuna. Siku hiyo niliacha kuomba maji yarudi. Nikaomba jirani magunia manne, nikayajaza udongo na samadi, nikapanda sukuma wiki na vitunguu nyuma ya choo cha ploti. Usifikiri huu ni ushuhuda wa kupigiwa makofi. Magunia sasa ni kumi na moja, yanalipa unga na kodi ya nusu mwezi, na Rhonda bado tupo. Lakini nalala.

Kwako wewe: kabla chama hakijakaa, mwendee mweka hazina mwenyewe umwambie unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, hata kama ni kidogo cha aibu. Mimi nilijificha miezi mitatu nikiita kujificha huko kumngoja Bwana.

Hati ya ploti bado iko kwenye kopo la biskuti. Na kila Jumapili baada ya ibada mzee hushuka kwenda kuangalia. Wiki iliyopita alirudi akasema kuna ndege mwari wametua juu ya linta ya chumba cha watoto. Nikamuuliza wangapi. Akasema watatu, na hakuna hata mmoja aliyelipa kodi.