Ugomvi wa Basi la Mazishi

Kanisa letu hapa Kayole, Nairobi, halikugawanyika kwa sababu ya mafundisho. Liligawanyika kwa sababu ya basi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya rambirambi. Mshirika akifiwa tunachanga, kisha kamati inalipia jeneza, gari la maiti na basi la waombolezaji. Mwaka huo tulizika mmoja Busia, zaidi ya kilomita 400 kutoka Nairobi, na mwingine Murang'a, safari isiyofika 100. Watu wa Murang'a wakauliza mbona msiba wa Busia umekula pesa nyingi kuliko wao. Wa Busia nao walikuwa na lao: basi lilikuwa moja tu, na jamaa zao wakaachwa stejini usiku. Na kwa kuwa huku kwetu jina la mtu linataja kabila lake kabla hajafungua kinywa, hesabu ya dizeli ikageuka hesabu ya makabila.

Tulijaribu dawa za kawaida. Mchungaji akahubiri upendo Jumapili tatu mfululizo. Tukafanya siku ya umoja, tukavaa sare, tukala pilau, picha zikapendeza. Jumatatu kundi la WhatsApp likawaka upya. Pilau haijibu swali la hesabu.

Kilichonizindua ni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia walionung'unika wazidishe maombi. Waliagiza wachaguliwe watu saba. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kazi ilikabidhiwa upande ule ule uliolalamika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anayelalamika mpeni daftari. Mimi niliachia ukatibu, na iliniuma. Nilijiona kama ninayekiri wizi ambao sikuufanya. Kwanza nilimwendea mama aliyekuwa akinisema vikali kuliko wote, nikaenda peke yangu kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, bila mzee wa kanisa wa kunikinga. Akanimiminia chai, kisha akanimiminia mengine. Kumbe hakuwa na neno na Busia. Mumewe alilazwa wiki tatu, na hakuna mtu wa kamati aliyefika. Sikuwa na la kujitetea. Niliomba msamaha.

Ndiye aliyeshika nafasi yangu. Sasa usafiri unalipiwa kulingana na umbali, mkono wa pole kwa mfiwa ni sawa kwa wote, na hesabu yote inabandikwa mlangoni Jumapili inayofuata mazishi. Si wote waliohama waliorudi. Familia mbili zinasali kanisa lingine mtaani Umoja siku hizi. Tukikutana sokoni tunasalimiana, basi.

Mwezi uliopita kijana mmoja alisimama mbele ya ile karatasi mlangoni akiguna kwamba bei ya basi imezidi. Mama akamtazama, akamwuliza kama Jumamosi ana nafasi. Kamati inatafuta mtu wa kwenda kupatana na wenye mabasi.