Jibu kwa dada aliyeuliza kama kuna haja ya kupima matiti ilhali hana uvimbe

Dada aliyeanzisha uzi huu ana miaka 43, hana uvimbe wala maumivu, na kwao hakuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Anauliza kuna haja gani ya kutoa fedha na kukaa foleni ili apigwe picha ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Nitamjibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Dar es Salaam nikiwa na miaka 46, kwa kuwa nami sikuwa na dalili hata moja, na kwetu pia hakuna aliyeugua, kama ilivyo kwa wanawake wengi wanaopata ugonjwa huu.

Nilikwenda kwa sababu tu mwajiri alilipia. Wiki chache kabla, daktari wa zahanati moja alikuwa amenipapasa matiti yote mawili hadi makwapani akaniambia niko salama, na sina kinyongo naye, maana kilichokuja kuonekana kilikuwa na upana wa milimita 9 tu, tena kimekaa ndani sana, mahali ambapo hata daktari wa upasuaji hakuweza kukigusa kwa vidole. Siku ya kipimo, mpiga picha alinirudisha msalani nikajifute dawa ya kwapa kwa kitambaa chenye maji, akanieleza kwamba chembe za aluminiamu zilizomo zinaweza kuonekana kwenye picha kama zile chembe za chokaa wanazozitafuta, ambazo huweza kuwa dalili ya saratani. Kisha titi likabanwa katikati ya mabamba mawili, nikaambiwa, “Mama, usipumue,” na baada ya sekunde chache nikaachiwa. Kunauma, lakini si kama watu wanavyotishana.

Siku ya nne nikaitwa tena. Ripoti ilisema BI-RADS (mizani ya madaktari ya kupanga matokeo ya picha za matiti) daraja la 4, na nilipoisoma peke yangu ndani ya daladala nilijihesabu mfu. Kumbe daraja hilo lina maana kwamba kuna kitu cha kutiliwa shaka kinachohitaji kutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe, na wengi wanaofikia hapo hukutwa hawana saratani. Shangazi yangu, ambaye namheshimu sana, alinikataza nisikubali sindano kwa sababu saratani ikichokozwa husambaa; imani hiyo ilinipotezea wiki 3 nzima, na bado inawapotezea wenzetu wengi zaidi ya wiki. Nilipokwenda hatimaye nilipigwa ganzi, nikasikia mlio kama wa stepla, na vikatoka vinyama vyembamba kama tambi.

Ilikuwa saratani iliyokwisha kuanza kupenya nje ya mrija wa maziwa, lakini ikiwa bado hatua ya kwanza. Kwa kuwa haikushikika kwa mkono, asubuhi ya upasuaji niliingizwa waya mwembamba kama unywele, ncha yake ikiwa ndani ya uvimbe na mkia wake umefunikwa kwa bandeji, ili mpasuaji aufuate. Nilikaa kwenye benchi nimejitanda khanga, nikiogopa hata kukohoa. Waliondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo kuuzunguka, wakatoa tezi 2 za kwapani ambazo zilikutwa safi, na titi langu likabaki. Baadaye nilipata mionzi mara 15 pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 3, kifua kikiwa kimechorwa mistari ya wino ambayo sikuruhusiwa kuisugua nikioga. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, sikupewa. Uvimbe ulikuwa na vipokezi vya estrojeni, yaani ulikuzwa na homoni hiyo ya kike, kwa hiyo nameza tamoksifeni, dawa ya kuizuia, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, na joto linalonipanda usiku limemfanya mume wangu ahamie upande wa pili wa feni.

Sitaki kukipamba kipimo hiki. Matiti yenye tishu nzito, hasa ya wanawake wenye umri mdogo, hutoka meupe kwenye picha, na uvimbe nao ni mweupe, kwa hiyo unaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana baadhi huongezewa ultrasaundi. Umri wa kuanza nao unabishaniwa: Uingereza huwaita wanawake kuanzia karibu miaka 50, kila baada ya miaka 3, ilhali Marekani ushauri wa mwaka 2024 ni kuanzia miaka 40, kila baada ya miaka 2.

Kwa hiyo, dada yangu, kwa miaka yako 43 mimi ningekwenda. Chagua wiki inayofuata baada ya hedhi kumalizika, kwa kuwa matiti huwa hayajajaa na mbano hauumi sana, na usiondoke bila picha zenyewe pamoja na ripoti, kwa sababu utakaporudi daktari atataka kuzilinganisha na mpya. Ukiitwa tena, njoo uniandikie hapa siku hiyohiyo, usisubiri wiki 3 kama mimi.