Italia kwa gari la kukodi? Mkuu, soma hapa kabla hujalipa

Umeuliza mambo manne: hoteli, hela ya matumizi, makoti ya Novemba, na kama kigari cha kukodi kitawafaa wewe na mkeo kwa Roma, Florence na Venice ndani ya siku 5. Hayo mengine watakujibu wengine. Gari hapana. HAPANA.

Mimi nilipotoshwa na shemeji yangu, mtu aliyekaa Ulaya miaka mingi mpaka akisema neno, ukweni kote wananyamaza. "Shemeji, raha ni gari, mnasimama mnapotaka." Nimekuja kugundua anaishi kijijini huko Ujerumani, Florence hajawahi kuikanyaga. Bado tunasalimiana, kwenye misiba.

Sasa sikia. Katikati ya miji mingi ya kale ya Italia kuna eneo linaitwa ZTL, ruksa kwa magari yenye kibali tu. Hakuna askari, hakuna kizuizi. Kuna duara jeupe lenye ukingo mwekundu, kamera, na kibao cha taa. Tumeingia Florence saa kumi na moja jioni, njia nyembamba kama vichochoro vya Mji Mkongwe, pikipiki nyuma inapiga honi, simu inasema kata kulia. Kibaoni pamewaka VARCO ATTIVO. Mke wangu akauliza, hiyo maana yake nini? Mimi na Kiitaliano changu cha kwenye menyu ya piza nikajibu bila wasiwasi: "Njia iko wazi."

Kumbe maana yake geti liko kazini, ukipita unapigwa picha.

Hoteli ilikuwa nyuma ya Duomo, kanisa kuu la Florence. Nikaikosa, nikazunguka, nikaikosa tena. Kuba lake, kazi ya fundi Brunelleschi, lililokamilika 1436, nimelitazama mara tatu kupitia kioo cha gari huku jasho linanitoka. Na kila nilipopita kwenye kamera lilikuwa kosa jipya, hawakunijumlishia. Nilipita mara nne. Kumbe hoteli iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuwapelekea wahusika namba za gari lako usitozwe, lakini sharti uwaambie mapema. Mimi niliwapigia kuuliza chai ya asubuhi ni saa ngapi.

Tukarudi Dar, tukatamba na picha. Baada ya miezi miwili kampuni ya magari ikakata kadi yangu mara nne, karibu euro 50 kila mara. Nikadhani ndiyo faini. Wapi! Ile ni ada yao ya kuwapa polisi jina langu. Yaani nimechomwa na kiberiti nimekilipia mimi. Yule dada wa kaunta alinieleza habari za bima nusu saa nzima, ZTL hakuitamka hata kwa bahati mbaya.

Faini zenyewe, kwa anayeishi nje ya Italia, wana siku 360 za kukuletea. Zikaja bahasha nne kwenye sanduku la posta la ofisini, ambalo mwenye ufunguo hulifungua akijisikia. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu ikufikie unapunguziwa asilimia 30. Mimi wakati nahangaika na benki, siku 5 zimeshapita. Ada na faini pamoja zilivuka euro 600. Mpaka leo nikimwambia mke wangu njia iko wazi, hata kwenye geti letu wenyewe, anashuka kwenda kuhakikisha.

Halafu Venice! Mji wa mifereji, mkuu. Gari linaishia Piazzale Roma, unalilipia maegesho lilale, nyie mnapanda boti. Siku mbili nimelipia gari lililosimama.

Panda treni. Kituo cha Roma Termini hadi kituo cha Santa Maria Novella, Florence, ni kama saa moja na nusu, na Duomo unaifikia kwa miguu. Kutoka hapo hadi Venice ni saa mbili na kitu. Shuka kituo cha Santa Lucia, usishuke Mestre, hiyo bado ni bara. Ukitoka tu mlangoni, mfereji mkubwa huu hapa mbele yako. Tiketi za treni za kasi ukiwahi kununua ni nafuu.

Umesema gari umeshaliwekea oda, unalipa Ijumaa. Ingia ukaifute leo, usingoje Ijumaa. Na hayo makoti waulize waliotembea kwa miguu, mimi nilikuwa ndani ya gari.